Gari la zamani linamisi (injini inakatakata kwa sababu silinda moja haichomi mafuta): jinsi ya kuitambua silinda hiyo iliyolala

Washa injini, iache ingurume bila kukanyaga mafuta. Kwa koleo yenye mipini ya mpira, chomoa waya wa plagi moja, sikiliza, rudisha upesi (koili, inayozalisha umeme wa cheche, huumia ukichelewa), kisha nenda unaofuata. Mngurumo ukidhoofika, silinda hiyo ni nzima. Usipobadilika, tatizo liko hapo. Fungua plagi yake. Ikiwa imelowa petroli, mara nyingi cheche haifiki. Ikiwa nyeusi yenye oili, ringi au sili za valvu zimechoka, na plagi mpya haitasaidia kitu.

Hapa Tanga, kagua kwanza ndani ya kofia ya distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi): hewa ya chumvi hulisha kutu. Kwangua taratibu, futa unyevu. Gizani, waya unaovuja umeme huonyesha cheche za buluu. Mwanya wa plagi, kwa injini nyingi za platini (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili): milimita 0.7 hadi 0.8.