Nyoa malaika ya mashavuni, sharafa ziache

Aisee wanangu wa Chuga (Arusha) na Moshi, nyie mlioandikwa wa kike mkizaliwa na mnaotaka sura ya kiume bila homoni za kiume, anzeni na hiyo malaika, yaani vinywele laini, ya mashavuni na kwenye paji, maana jua likipiga kwa pembeni vile vinywele vinang'aa na sura inaonekana laini ya kitoto, wakati mwanaume anayenyoa ndevu hana hicho kitu shavuni. Ila usifyeke zote! Vya juu ya mdomo na sharafa pembeni ya masikio viache, ndo vinaleta kivuli, na sharafa mwambie kinyozi azikate chini kwa mstari mnyoofu, zisiishie na ncha.

Wembe uwe wako, mpya, homa ya ini na ukimwi havina utani. Lowesha uso kwa maji ya vuguvugu (ya bomba Julai utayakimbia mwenyewe kwa baridi), paka povu, nyoa kufuata nywele zinakolala, la sivyo vipele, hasa nywele zetu hizi za kujikunja. Mafuta kidogo, basi.

Na ile stori eti ukinyoa zinaota nene ni uongo, wembe unaacha ncha butu ndo maana ukigusa zinakwaruza, mzizi uko vilevile. Ukitaka masharubu yaonekane zaidi gusa wanja mweusi kwa brashi kavu, kidogo sana, ukizidisha halafu ukabanwa kwenye hiace ya Sakina saa nane mchana, jasho litakuumbua.