Namna ya kupima kama istilahi adimu ya sayansi inastahili kuingizwa kamusini

Istilahi ya sayansi haiwi kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa na kufasiliwa kamusini, kwa sababu tu imewahi kuandikwa, wala haiachwi kwa sababu tu watumiaji wake ni wachache. Kinachotafutwa ni ushahidi kwamba waandishi wasiotegemeana wameitumia kwa maana moja katika kipindi cha miaka kadhaa.

Anza na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania) ya mwaka 2015, kisha uingie katika vitabu vya kiada, ripoti na magazeti. Tafuta kwa tahajia zote, kwani anayetafuta “planktoni” (viumbe vinavyoelea majini) pekee atapitwa na “plankitoni”. Kila unapolikuta neno, nakili sentensi nzima, mwandishi, mwaka na ukurasa.

Kazi kubwa ni kuuchuja ushahidi huo. Orodha ya istilahi haihesabiwi kuwa ushahidi, kwa kuwa mtunzi wake hupendekeza tu, na pendekezo laweza lisipokelewe na yeyote. Na makala kumi zilizonakili taarifa moja ni shahidi mmoja. Angalia pia neno linavyokaa katika sentensi: aliyeandika “plankitoni hizi huliwa na dagaa” amelipa ngeli na kulitumia, ilhali aliyeandika “viumbe viitwavyo plankitoni” bado analitambulisha. Kwa maoni yangu, matumizi matatu huru ya namna ile ya kwanza yanatosha.

Maandishi yakiwa haba, nenda kwa wasemaji, na hapa Mombasa hawako mbali. Ukitafuta jina la mizizi ya kupumulia ya mikoko, usimtajie mvuvi wa Tudor neno ulilo nalo, maana huenda akalikubali kwa heshima tu; mwonyeshe vile vijiti vinavyochomoza topeni kuuzunguka mchu, ambao ni aina ya mkoko, umwache avitaje mwenyewe. Watafiti wa bahari wa Mkomani nao waulize ni neno gani hulitumia wanapozungumza na wavuvi. Mchu wenyewe una haki ya kuwa kidahizo, kwa kuwa unatajwa na watu. Avicennia marina, jina lake la kitaalamu, mahali pake ni ndani ya fasili.

Ushahidi usipotosha, usiitupe istilahi: ihifadhi pamoja na nakala zake, uipime upya toleo jipya la kamusi linapoandaliwa.