Igeuze kwanza, ndipo uulize bei

Mtumba unaning'inizwa ukionyesha uzuri wake. Ubovu unakaa ndani. Kwa hiyo igeuze nguo. Anzia kwapani: doa la njano lililokakamaa ni jasho lililochanganyika na dawa ya kwapa, na mara nyingi halitoki hata ukiloweka. Suruali inyanyue juani utazame makalioni na katikati ya mapaja. Mwanga ukipenya, kitambaa kimelika, na kitachanika ukichuchumaa. Zipu ipandishe na kuishusha mara tatu. Kishikio kikikatika fundi anaweka kingine, lakini meno yakishang'oka ni zipu nzima mpya.

Hakuna pa kujaribia? Funga kifungo, zungusha kiuno cha suruali shingoni mwako. Ncha zikikutana nyuma bila kuvutana, kwa wengi itawaenea.

Viatu ndivyo vinavyoumiza watu zaidi. Raba iliyokaa stoo miaka mingi yaweza kuonekana mpya kabisa, kumbe soli yake ya poliyurethani, aina ya plastiki laini, imeshaoza kwa unyevu wa hewa. Kunja kiatu katikati, kisha bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ikipasuka, ikinata au ikidondosha unga, rudisha hapo hapo. Gundi haisaidii, kwa sababu soli yenyewe imekwisha.

Belo likifunguliwa asubuhi, soko la Karume Dar es Salaam au Gikomba Nairobi, chaguo ni bora na bei iko juu. Jioni bei inashuka, ila unachagua mabaki, basi ukaguzi uwe mkali mara mbili.