Somo: Kuzuia kisogo bapa na shingo kukaza kwa mtoto mchanga

Kisogo cha mtoto mchanga hubonyea kwa sababu mifupa ya kichwa chake bado ni laini na haijaungana, naye hulala saa nyingi akiegemea upande uleule. Wazazi wengi huanza kuligundua jambo hili mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8, mara nyingine siku ile anaponyolewa.

Kuna jambo moja ambalo sitalilegeza: mtoto alazwe chali, usiku na mchana, hadi atimize mwaka 1, kwa kuwa kulala kifudifudi huongeza hatari ya kufa ghafla usingizini. Kampeni ya kulaza watoto chali ilipoanza Marekani mwaka 1994, vifo hivyo vilipungua sana na visogo bapa vikaongezeka. Kisogo hurekebika.

Hatua ya kwanza ni kuchunguza shingo, ambayo wengi huisahau. Mlaze chali akiwa ameshiba, kisha mwite taratibu kutoka kulia, halafu kutoka kushoto. Akigeukia upande mmoja kwa wepesi, lakini upande wa pili akaishia katikati au akazungusha mwili mzima, huenda shingo imekaza. Msuli wenyewe ni ule mrefu utokao nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga. Ukikaza wa kulia, kichwa huinamia kulia na kidevu huelekea kushoto.

Hatua ya pili ni kitanda. Katika vyumba vyetu vingi kitanda kimesukumwa ukutani, kwa hiyo mtoto hugeukia upande uleule kila siku, ule aliko mama na unakotokea mwanga wa mlango. Leo mlaze kichwa kikiwa upande wa juu, kesho upande wa miguuni. Bila kumgusa shingo, atageuka mwenyewe.

Hatua ya tatu ni kumlaza kifudifudi akiwa macho, nawe ukimtazama, mara 2 au 3 kwa siku, dakika 3 hadi 5 kila mara, kisha uongeze kadiri anavyozoea. Mkeka uliotandikwa khanga sakafuni unatosha. Anayenyonya chupa abadilishiwe mkono wa kupakatwa kila mlo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo nesi. Mwanangu ana wiki 5, nikimlaza kifudifudi analia papo hapo. Nifanyeje?* (Mama, Nkuhungu)

Marahaba, mama. Anza na kifua chako: egemea nyuma, mlaze juu yako uso kwa uso, naye atainua kichwa akutafute. Dakika 1 inayorudiwa mara nyingi inafaa kuliko dakika 5 za kilio.

*Bibi yake amekuja kutoka Kongwa, anamkanda kichwa kwa kitambaa cha moto kila jioni ili kiwe mviringo. Kuna ubaya?* (Baba, Kizota)

Mwelezeni bibi kwa heshima kwamba kubonyeza hakuumbi kichwa, na maji ya moto huunguza ngozi ya mtoto. Mpeni kazi inayosaidia kweli: akae upande ambao mjukuu hapendi kugeukia, amwimbie.

*Nimeona mto wenye tundu katikati, ninunue?* (Mama, Chang'ombe)

Usinunue. Mto wa aina yoyote unaweza kumziba pumzi mtoto aliyelala.

*Wangu ni njiti, ana miezi 2, kichwa kinainamia kulia na nimepapasa kivimbe kigumu shingoni. Nisubiri chanjo ya wiki ya 14?* (Mama, Chamwino)

Usisubiri, mpeleke wiki hii. Mara nyingi kivimbe hicho ni cha msuli wenyewe, lakini ni lazima kipimwe, na mazoezi ya kunyoosha shingo ufundishwe kwa vitendo na mtaalamu wa fiziotherapia. Yakianza kabla ya miezi 3, shingo hulegea mapema zaidi. Mwombe pia aangalie utosi: ukiwa umefunga mapema, au ukipapasa tuta gumu kwenye maungio ya mifupa ya kichwa, hilo ni tatizo jingine, na kubadilisha mlalo hakulitibu.