Kabla Hujapanda, Izunguke Nyumba: Namna ya Kusoma Bustani Msimu wa Kuchipua

Jembe langu hukaa ukutani siku kadhaa baada ya mvua ya kwanza, hata majirani wakiwa wameshaanza kufukia mbegu. Siku hizo nazunguka nyumba asubuhi na jioni, naangalia udongo, magugu na wadudu, kwa sababu vitatu hivyo vinanipa habari isiyoandikwa kwenye pakiti ya mbegu. Kuna mahali msimu huu huletwa na mvua baada ya kiangazi, na kuna mahali huletwa na joto baada ya baridi. Kote unaweza kufanya ninayoyaeleza hapa.

Anza na kopo. Tafuta lenye pande zilizonyooka, liweke mahali pa wazi, mbali na paa na miti. Mvua ikikatika, chomeka rula. Kila milimita 1 ya maji ndani ya kopo ni lita 1 iliyoangukia kila mita 1 ya mraba ya bustani yako. Milimita 5 hupiga kelele kubwa juu ya bati, ukadhani dunia nzima imelowa. Hebu chimba uone: mara nyingi chini ya tabaka jembamba la juu kuna vumbi tupu. Haragwe likifukiwa hapo litakunywa maji na kuvimba, kisha jua likiwaka siku chache litakauka kabla mzizi haujafika penye unyevu. Kwa hiyo mimi huchimba vishimo viwili vitatu vya sentimita 15 hivi, sehemu tofauti, na unyevu usipofika chini nasubiri mvua nyingine.

Unyevu ukishafika, chukua konzi ya udongo uifinye. Ukipata donge linalovunjika ukiligusa kwa kidole gumba, lima. Ukinata na kung'aa, ondoka, tena usikanyage matuta. Udongo wa mfinyanzi ukilimwa ungali mbichi hushindiliwa, ukikauka unakuwa mabonge ambayo mizizi michanga haipenyi, na utahangaika nayo msimu mzima. Mwenye udongo wa kichanga hana taabu hiyo. Taabu yake ni maji kupotea haraka, basi aongeze mboji na matandazo. Penye baridi angalia na joto pia: maharage yakipandwa kwenye udongo ulio chini ya nyuzijoto 15 hivi huchelewa kuota, na mengi huoza.

Wakati wewe unasubiri, magugu hayasubiri, na hilo ni jambo zuri. Lainisha kitalu, kisawazishe, kisha usipande kitu kwa wiki moja au mbili. Mbegu za magugu zilizo karibu na uso zitaota kwa wingi. Zikiwa bado na majani mawili, pita na jembe juu juu siku ya jua kali, yakaukie hapohapo. Usichimbue kwa kina, maana utazipandisha nyingine zilizolala chini. Sijui kazi nyingine ndogo namna hii inayopunguza palizi kwa kiasi hiki.

Sasa chukua tochi. Mambo mengi ya bustani hufanyika usiku, hasa miche ikiwa michanga. Ukiamka ukakuta mche wa nyanya umelala, umekatwa usawa wa ardhi kama kwa mkasi, usiwafukuze kuku kwanza. Fukua taratibu kwa kidole kulizunguka shina, kina cha sentimita 2 hadi 5. Utamkuta sota amejikunja, kiwavi mnene wa kijivu au kahawia. Mchana hujificha humo, usiku hutoka kula, na usipomtoa leo, kesho atahamia mche ulio karibu. Kinga yake ni pete ya karatasi ngumu, au kopo lisilo na kitako, lililozungushwa kwenye kila mche na kuzamishwa ardhini sentimita 2 au 3. Iache juu sehemu kubwa zaidi. Shina likishakomaa, toa pete, kazi yake imekwisha. Konokono na koa utawajua kwa njia ya ute unaong'aa waliyoiacha juu ya majani yaliyotobolewa. Waokote usiku huohuo, na mchana kagua chini ya mbao na mawe.

Ila nakuomba sana usiue kila kinachotambaa. Jongoo hula zaidi majani yaliyooza, mwache kwenye matandazo. Chura mtengee kigae cha chungu kivulini awe na pa kujificha, maana usiku anakula wadudu. Na ukiona vidukari wamejaa chini ya majani huku sisimizi wakipanda na kushuka shina, jua kwamba sisimizi hao wamefuata maji matamu yanayotoka kwa vidukari, na huwalinda wasiliwe. Kabla hujafikiria dawa, geuza majani umtafute mdudu mweusi mrefu mwenye madoa ya rangi ya chungwa, miguu sita, hana mabawa. Watu humponda kwa sababu anatisha. Huyo ni mtoto wa kidudu kobe, yule mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, na mtoto hula vidukari kama mzazi wake. Nikimwona, mimi bomba la dawa siligusi.

Mbayuwayu nao huhitaji tope la kujengea kiota chini ya paa. Kidimbwi kidogo cha matope kando ya njia kinawatosha, na wadudu warukao watapungua.

Halafu maboga. Maua ya kwanza yakidondoka bila kuacha tunda, usihangaike na mbolea: mara nyingi madume ndiyo hutangulia. Jike linatambulika kwa kitunda kidogo nyuma ya ua. Nyuki wakiwa wachache, chuma dume lililofunguka, ondoa petali zake, kisha gusisha chavua katikati ya jike. Fanya hivyo mapema asubuhi, kwa sababu kufikia mchana ua huwa limeshafunga, na jike lililofunga halifunguki tena.