Kopi ya NIDA usiiache tupu

Juzi stendi ya Moshi nimenunua karanga, kufungua kikaratasi nakuta nusu ya fomu ya mkopo ya mtu: namba ya NIDA, simu, jina la mdhamini, kila kitu. Ofisi gani, sisemi. Tangu hapo kopi yangu ya kitambulisho haitoki mkononi bila kuandikwa kwa peni, maneno yapite juu ya picha kabisa: "Ya kufungulia akaunti tu", na tarehe. Karani akinuna, anune. Na kama umeshaacha kopi huko na huko (nani hajaacha?), piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao huo waifute.