SOMO: Miendo ya kantri-densi ya Kiingereza, kuanzia kupanga seti hadi msuko wa watatu

Wakuu, salaam. PM zangu zimejaa swali lile lile: "Nipo Uingereza, nimealikwa harusi, nasikia jioni kutakuwa na densi ya mistari kwenye ukumbi wa kijiji, nifanyeje nisiharibu?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka. Nayaweka yote hapa, na kuanzia leo atakayeuliza kilichomo humu nitamrudisha humu.

Maneno nitakayotumia: kundi linalocheza pamoja ni seti. Unayeanza naye ni mwenza. Aliye kando yako kutoka jozi nyingine ni jirani. Kipande kimoja cha densi ni mwendo. Anayetangaza miendo mbele ya bendi ni mwitaji.

Hatua ya 1. Juu ni upande wa bendi. Chini ni upande wa pili. Hata ukigeuka, juu inabaki juu.

Hatua ya 2. Mpangilio. Ulio wa kawaida kabisa ni safu ndefu: mistari miwili inayotazamana, jozi nyingi kadiri ukumbi unavyoruhusu. Wanaume wanasimama bega la kushoto likiwa juu, wanawake bega la kulia. Mnapotazama juu wote, mwanamke yuko kuliani kwa mwenza wake. Mkinyoosha mikono mbele, vidole vya mistari miwili vikaribie kugusana; mkisimama mbali zaidi ya hapo mtakimbia usiku mzima. Mipangilio mingine: safu fupi ya jozi 3, mraba wa jozi 4, na duara. Ukisikia seti imevuka, maana yake wenza wa kila jozi ya 1 (angalia Hatua ya 3) wamebadilishana upande wao kwa wao kabla ya muziki kuanza.

Hatua ya 3. Shikaneni mikono wanne wanne kuanzia juu. Katika kila wanne, jozi iliyo juu ni ya 1, iliyo chini ni ya 2. Kumbuka namba yako.

Hatua ya 4. Hesabu ya muziki. Nyimbo nyingi zina sehemu A mara mbili na sehemu B mara mbili, kila sehemu hatua 16. Kwa hiyo mzunguko mmoja ni hatua 64, kisha densi inaanza upya na jozi nyingine. Tembea tu, mwepesi, kisigino kisigonge sakafu.

Hatua ya 5. Miendo myepesi, hii haihitaji maelezo mengi:
Dabo: hatua 4 mbele, ya nne unaunganisha miguu. Kurudi nyuma vilevile 4.
Duara la wanne: kushoto, hatua 8 mzunguko mzima.
Nyota: wanne mikono ya kulia katikati, hatua 8, kisha ya kushoto.
Mgongo kwa mgongo: mpite mwenza kwa bega la kulia, teleza nyuma yake bila kugeuka, rudi kinyumenyume kwa bega la kushoto. Hatua 8.
Kuseti na kujizungusha: piga hatua kando kulia, kisha kushoto (mapigo 4), kisha zunguka peke yako kwa upande wa kulia kwa hatua 4.
Viwiko: shikaneni viwiko vya kulia, mzunguko mzima hatua 8, kisha vya kushoto.

Hatua ya 6. Saidi, yaani mwendo wa kumwendea mwenza na kurudi. Muulize mwitaji ni saidi ipi, kwa sababu ziko mbili na zote zinachezwa. John Playford alipochapisha miongozo ya densi hizi London mwaka 1651, hakueleza saidi inaendaje. Wasomaji wa wakati wake walishaijua. Cecil Sharp, aliyeanzisha chama cha densi hizi mwaka 1911, aliisoma kwa namna yake: mnabadilishana nafasi kwa kupinda, bega la kushoto, hatua 4, huku mkitazamana, kisha mnarudi kwa njia ile ile. Baadaye Pat Shaw, mtunzi wa densi hizi, akaja na usomaji mwingine: mnasogea hatua 4 hadi mko sambamba, bega la kulia kwa bega la kulia, mnarudi nyuma 4, kisha mnafanya upande wa kushoto. Mmoja akicheza ya Sharp na mwenzake ya Shaw, mtagongana vifua.

Hatua ya 7. Kulia na kushoto. Mkono wa kulia kwa mwenza, mnavutana mkapitana. Wa kushoto kwa jirani. Kulia kwa mwenza. Kushoto kwa jirani. Kwa kawaida ni hatua 4 kwa kila badiliko. Wewe unazunguka mraba kwa upande mmoja, mwenza wako kwa upande wa pili, kwa hiyo usimfuate. Achia mkono mapema. Ukiung'ang'ania utageuzwa utazame nje.

Hatua ya 8. Kasti na kusonga. Jozi ya 1 inatoka kwa nje, inapita nyuma ya jozi ya 2 na kushuka nafasi moja. Anza kwa kupiga hatua kuelekea JUU, halafu nje, halafu chini: mwanaume anapinda kwa kushoto, mwanamke kwa kulia. Ukigeuka kwa njia fupi utampanda jozi ya 2. Nao jozi ya 2 wasisimame kama nguzo. Wanashikana mikono na kupanda katikati wakati ule ule.

Hatua ya 9. Msuko wa watatu. Hapa ndipo nilipovuruga seti nzima, kwa hiyo hapa tunakaa.

Watu 3 mstari mmoja: namba 1 juu, namba 2 kati, namba 3 chini. Namba 1 anatazama chini, 2 na 3 wanatazama juu. Wote watatu wanapita njia moja yenye umbo la 8 sakafuni, kila mmoja akiingia kwa zamu, kama miyaa inavyopishana mtu anaposuka ukili. Wa 1 na wa 2 wanapishana bega la kulia. Wa 1 anaendelea, anapishana na wa 3 bega la kushoto. Wa 2 sasa yuko juu kabisa. Anapinda, anarudi, anapishana na wa 3 bega la kulia. Hapo mmefika nusu: 3 juu, 2 kati, 1 chini. Yakifanyika mapishano mengine matatu, kila mtu yuko kwake. Msuko mzima ni mapishano 6 kwa hatua 16. Nusu ni mapishano 3 kwa hatua 8.

ONYO LA KWANZA, na ndilo kubwa. Watu wanakariri "kulia, kushoto, kulia, kushoto" kisha wakipinda mwishoni wanaingia na bega lisilo lake, na anayekuja mbele yao hana pa kupita. Kanuni ni hii: bega ulilotoka nalo ndilo unaloingia nalo. Umetoka kwa kushoto? Pinda kwa kushoto, ingia kwa kushoto. Umetoka kwa kulia? Pinda kwa kulia, ingia kwa kulia.

ONYO LA PILI. Usipinde papo kwa papo. Toka nje ya mwisho wa mstari hatua mbili hivi, upinde kwa upana. Anayekata kona anawahi, anajikuta amesimama katikati, na wote wawili wanamsubiri yeye aondoke.

ONYO LA TATU. Namba 3 asingoje zamu. Muziki ukianza na yeye anaanza, akisogea juu na kuegemea kulia kwake kidogo, ili wa 1 amkute bega la kushoto limeshafunguka.

Karibuni kwa maswali.

———

Kipanga_77: Mkuu somo zuri. Sasa juu ni upande gani?

mpigafidla (mwenye mada): Hatua ya 1.

Kipanga_77: Sawa, na kama bendi hakuna, ni spika tu?

mpigafidla: Hili ni swali. Juu ni aliposimama mwitaji. Spika zikiwa pembe zote nne, mfuate yeye.

binti_wa_Mvita: Nina maswali mawili. Jozi ya 1 inashuka nafasi moja kila mzunguko. Ikifika chini kabisa inakwenda wapi? Na tukiwa jozi 5, ya tano inacheza na nani?

mpigafidla: Asante dada, hili nililiacha na lilistahili kuwemo. Ukifika mwisho, juu au chini, unakaa nje mzunguko mmoja. Kisha unarudi kwa namba nyingine: aliyekuwa 1 akifika chini anarudi kama 2 na kupanda, aliyekuwa 2 akifika juu anarudi kama 1 na kushuka. Jozi zikiwa 5, siku zote kuna moja iliyo nje: mzunguko wa kwanza ya chini, wa pili ya juu, zinapokezana hivyo. Zikiwa 6, mzunguko wa kwanza wote wanacheza, wa pili ya juu na ya chini zote zinakaa nje, wa tatu wote tena. Seti ikiwa imevuka, mkikaa nje badilishaneni upande na mwenza wako, maana mnarudi kwa namba mpya. Isipovuka, kaeni upande wenu. Na mkiwa nje msipige soga: tazameni wanaocheza, muziki wa B ukikaribia kwisha mgeukie wanaokuja.

Chuma_Chakavu: Umekosea kwenye msuko. Mimi nilifundishwa mabega yanabadilishana kulia kushoto mwanzo hadi mwisho. Rekebisha usipotoshe watu.

mpigafidla: Sirekebishi. Mapishano ya SETI yanabadilishana kulia kushoto, yote 6, hapo aliyekufundisha yuko sahihi. Mapishano ya MTU MMOJA hayabadilishani anapopinda, kwa sababu akiwa nje wenzake wawili wamepishana mara moja bila yeye. Namba 1 peke yake: kulia, kushoto, anapinda, kushoto, kulia. Namba 2: kulia, anapinda, kulia, kushoto, anapinda, kushoto. Chukua sarafu tatu ukahesabu, kisha rudi.

Chuma_Chakavu: Nimehesabu. Naona.

mama_ukindu: Hizo sarafu tatu zinapangwaje? Nataka kuwafundisha wanangu mezani kabla ya harusi ya binamu yao.

mpigafidla: Vizuri sana mama. Tumia sarafu za ukubwa tofauti ili zisichanganyike. Zipange 1, 2, 3 kutoka juu. Badilisha mbili za juu, kisha mbili za chini, kisha za juu, kisha za chini, hivyo hivyo mara sita. Utaona: 123, 213, 231, 321, 312, 132, 123. Zile za juu zinapobadilishana taja "kulia", za chini "kushoto". Wakishazoea, wape kila mtoto sarafu yake moja, aisogeze kwa kidole bila kuinua, apinde kwa upana kwenye mwisho. Baada ya hapo waondoe mezani, wasimame sebuleni. Wataweza.

Kipanga_77: Weka video.

mpigafidla: Fanya ya sarafu.

Zuwena_L: Mimi na rafiki yangu ni wanawake wawili, wanaume hawataki kucheza. Tunaruhusiwa?

mpigafidla: Kabisa. Chagueni nani anasimama upande wa kushoto na nani wa kulia, na msibadilishe katikati ya densi. Klabu nyingi siku hizi haziiti wanaume na wanawake. Zinaita ndege wawili, lark na robin. Lark ni wa kushoto, robin wa kulia, kwa kufuata herufi za mwanzo za kushoto na kulia kwa Kiingereza. Kinachoangaliwa ni upande uliosimama.

fundi_viatu: Ongezeo kidogo kuhusu viatu. Soli ya mpira inashika sakafu ya mbao, mguu unabaki na goti linageuka. Soli ya ngozi ndiyo yake. Kama huna, chukua kiatu cha zamani ambacho soli yake imelainika. Visigino vyembamba acheni nyumbani, kwenye nyota mtachomana vidole.

mpigafidla: Nakubaliana na kila neno.

binti_wa_Mvita: Narudi tena, samahani. Tulifanya mazoezi jana na seti yetu yote ilihama kuelekea chini, mwishoni tukawa tumebanwa na ukuta. Tulikosea wapi?

mpigafidla: Usiombe samahani, hayo ndiyo maswali. Jozi za 2 hazikupanda. Jozi ya 1 ikishuka na ya 2 ikabaki palepale, ya 1 inalazimika kusimama chini zaidi, na kila mzunguko mnapoteza nusu hatua. Dawa: wa 2 wakipanda, wafike mahali PALE PALE alipokuwa wa 1, wachague alama sakafuni, ubao au msumari. Jozi ya juu kabisa ndiyo nanga. Ikishikilia nafasi yake, seti nzima haitembei.

Mahe_kwetu: Nasoma nikiwa Ushelisheli. Densi yetu ya kamtole ina mistari, jozi, na mtu anayeita miendo. Kuna undugu?

mpigafidla: Upo. Densi hizi za Waingereza zilivuka hadi Ufaransa, wakaziita kontredanse, na Wafaransa wakazipeleka visiwani kwenu. Kama unaweza, tuandikie muitaji wa kamtole anataja mwendo kabla ya pigo au juu ya pigo. Huku mwitaji mzuri anamaliza kutamka pigo moja au mawili kabla mwendo haujaanza, na hiyo ndiyo kazi ngumu yake.

Mahe_kwetu: Nitamuuliza mjomba, yeye ndiye anayeita.

Zuwena_L: La mwisho. Kuna wimbo tulipigiwa, nikihesabu 8 napotea kila mara. Hatua zinaonekana kwenda tatu tatu.

mpigafidla: Sikio lako liko sawa. Hiyo ni midundo ya tatu. Kila kipimo kina hatua 3, na wa zamani waliipenda sana. Acha kuhesabu 8. Hesabu 1-2-3, 2-2-3, yaani namba ya mwanzo ndiyo kipimo. Kuvuka kwenda nafasi ya mwenzako mara nyingi ni vipimo viwili, hatua 6, kwa hiyo punguza mwendo na upinde kidogo njiani. Ukiwahi, utafika na hatua mbili mkononi usijue pa kuziweka.